Kifua kikuu kisichopona: mwongozo kuhusu mesothelioma na asbesto

Katika miaka ya 1950, Dk. Sleggs alikuwa akiongoza hospitali ya kifua kikuu mjini Kimberley, Afrika Kusini. Dawa za ugonjwa huo zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia, na wagonjwa wengi walikuwa wakipona. Hata hivyo, alibaini jambo lililomtatiza. Wagonjwa waliotoka upande wa mashariki wa mji walipata nafuu, lakini baadhi ya waliotoka magharibi, wenye maji kifuani, walizidi kudhoofika licha ya dawa. Huko magharibi ndiko kulikokuwa na vilima na machimbo ya asbesto ya bluu.

Wakati huohuo, mjini Johannesburg, mtaalamu wa patholojia Dk. Christopher Wagner alipasua maiti ya mfanyakazi wa mgodini aliyeaminika kufa kwa kifua kikuu. Alichokikuta ni uvimbe mzito uliolizingira pafu. Wagner, Sleggs na daktari wa upasuaji aitwaye Marchand walichapisha taarifa yao mwaka 1960, ikiwa na wagonjwa 33 wa uvimbe huo, uitwao mesothelioma. Kati yao, 32 walikuwa wamepata kukutana na asbesto kwa njia moja au nyingine. Wengi hawakuwahi kushika sururu ya mgodini. Walikuwamo akina mama wa nyumbani, wachunga ng'ombe, wakulima, wakala wa bima, hata mhasibu. Baadhi waliishi tu utotoni karibu na machimbo, wakahama, wakasahau.

Nimeanza na habari hii kwa sababu kosa lililofanyika Kimberley linaweza kufanyika leo Mombasa, Tanga au Kampala. Kwetu, mtu akikutwa na maji kifuani, jina la kwanza linalotajwa ni kifua kikuu. Mara nyingi jina hilo ni sahihi, na daktari ana haki ya kuanza nalo. Lakini kama mgonjwa ni mzee wa miaka 65 aliyefanya kazi ya boila za meli, na hakuna aliyemuuliza kazi yake ya ujanani, anaweza kumaliza miezi sita ya dawa huku saratani ikiendelea.

Ugonjwa wenyewe

Mapafu yamefunikwa na utando mwembamba wenye tabaka mbili. Moja limeshikamana na pafu na jingine na ukuta wa kifua kwa ndani, na katikati yake kuna majimaji kidogo yanayoliwezesha pafu kuteleza unapovuta pumzi. Tumbo, moyo na korodani navyo vina utando wa namna hiyo. Mesothelioma ni saratani inayoanzia kwenye utando huo. Takriban wagonjwa wanne kati ya watano huupata kifuani. Wengi wa waliobaki huupata tumboni. Kwa hiyo si saratani ya mapafu kwa maana ya kawaida, ingawa asbesto huleta hiyo pia, pamoja na saratani ya zoloto na ya ovari.

Asbesto ni kundi la madini sita ya mawe yanayochambuka kuwa nyuzi. Aina tatu zilitumika zaidi viwandani: nyeupe, bluu na kahawia. Haiungui, huzuia joto, haiozi, na bei yake ilikuwa nafuu. Karne ya 20 ikaitia kila mahali: mabamba ya kuezekea, mabomba ya maji, dari, vizuia joto vya boila na mabomba ya mvuke, breki na klachi za magari, glavu za wafua vyuma.

Inapokatwa, kusagwa au kuvunjwa, hutoa nyuzi ambazo jicho halizioni, nyembamba kuliko unywele mara mamia. Ukizivuta, nyingine hufika ndani kabisa ya mapafu na kupenya hadi kwenye utando. Seli za ulinzi wa mwili hujaribu kuzimeza zikashindwa, maana nyuzi ni ndefu kuliko seli yenyewe. Zinabaki humo kama kibanzi kilichokatikia nyamani, zikichokoza mwili miaka nenda rudi, mpaka siku moja seli za utando zinaharibika na kuanza kukua ovyo.

Ndiyo maana muda ni mrefu mno. Kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita miaka 20 hadi 50. Kijana aliyebandua asbesto kwenye mabomba ya mvuke mwaka 1980 anaweza kuanza kuhema kwa shida akiwa na wajukuu. Kwa hesabu za kimataifa, wagonjwa wapya duniani ni kama 30,000 kwa mwaka. Uingereza peke yake hupoteza watu zaidi ya 2,000 kila mwaka, ingawa ilipiga marufuku asbesto ya bluu na kahawia mwaka 1985 na nyeupe mwaka 1999. Idadi hiyo inatokana na vumbi la zamani.

Kuna maneno ya wafanyabiashara yanayosema kwamba asbesto nyeupe haina madhara. Usiyakubali. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeziweka aina zote katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Bluu na kahawia ni kali zaidi kwa mesothelioma, lakini hakuna aina iliyo salama, wala hakuna kiwango cha chini kinachojulikana kuwa hakidhuru. Hatari huongezeka kadiri ulivyovuta vumbi kwa wingi na kwa muda mrefu.

Mambo mawili ya kuondoa hofu isiyo ya lazima. Ugonjwa huu hauambukizi. Mgonjwa asitengewe kikombe wala kitanda. Na sigara haisababishi mesothelioma. Lakini mtu aliyevuta asbesto na bado anavuta sigara anaizidisha sana hatari ya saratani ya mapafu, kwa hiyo kuacha sigara leo kuna faida hata kama ni mzee.

Jiulize ulipita wapi

Chukua daftari uandike kazi ulizofanya tangu ujana, mwaka kwa mwaka kadiri unavyokumbuka. Usiandike cheo peke yake, andika ulichokishika. Kuandika "Karani wa reli" hakumwambii daktari lolote kama ofisi yako ilikuwa ndani ya karakana ya injini za mvuke.

Kazi za kuzitilia mkazo ni hizi: ujenzi na hasa kuezeka, kuezua na kukata mabamba, ufundi bomba, karakana za reli, chumba cha mashine melini na matengenezo ya meli, mitambo ya umeme na viwanda vyenye boila, kama vya sukari na nguo, kupakua magunia ya asbesto bandarini, kiwanda chochote kilichotengeneza mabamba ya saruji na asbesto. Mafundi makanika nao wamo. Kwa miaka mingi vitambaa vya breki vilikuwa na asbesto, na kawaida ya gereji ilikuwa kupuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, fundi akiwa ameinama juu yake. Gereji nyingi bado zinapuliza hivyo. Lowanisha kwa maji, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kitupe.

Halafu uliza kazi za watu wengine wa nyumbani. Mwaka 1965 watafiti wa London, Newhouse na Thompson, walionyesha kwamba walikuwapo wagonjwa ambao hawakuwahi kufanya kazi na asbesto: kosa lao lilikuwa kuishi na mtu aliyeifanya, au kukaa jirani na kiwanda cha asbesto. Mama aliyekuwa akikung'uta na kufua ovaroli la mumewe alivuta nyuzi zilezile. Mtoto aliyempokea baba mlangoni kwa kumkumbatia naye alizivuta. Wanawake wetu wengi wakiulizwa "ulifanya kazi gani?" hujibu "sikuwa na kazi", na historia yote inapotea hapo. Binti akae na mama yake amuulize upya.

Dalili, na safari ya hospitali

Dalili haziji kwa kishindo. Kuishiwa pumzi unapopanda ngazi au kilima ulichokizoea. Maumivu butu ya upande mmoja wa kifua, yanayoshuka begani au kukaa tu palepale usiku na mchana. Kikohozi kikavu, uchovu, jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu. Ikiwa ni ya tumboni, tumbo hujaa maji, huuma, na hamu ya chakula hupotea. Utaona kwamba dalili hizi karibu zote ni za kifua kikuu pia. Hakuna mtu, hata daktari bingwa, anayeweza kutofautisha kwa kukutazama.

Kipimo cha kwanza ni picha ya kifua. Mara nyingi huonyesha maji upande mmoja. Daktari atayatoa kwa sindano, kwanza kukupa nafuu ya kupumua, pili kuyapima. Hapa ndipo nakuomba uwe makini. Maji hayo yapelekwe kupimwa kifua kikuu na pia kutafutwa seli za saratani. Omba vipimo vyote viwili vifanyike. Tena, majibu ya maji yakisema "hakuna seli za saratani", hayajaiondoa mesothelioma, kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi hauonekani kwenye maji peke yake.

Kinachotoa uhakika ni kinyama kilichokatwa kwenye utando wenyewe. Kinaweza kuchukuliwa kwa sindano nene ikiongozwa na ultrasaundi au CT scan, au kwa kamera ndogo inayoingizwa kifuani kupitia tundu baina ya mbavu. Njia ya kamera ni bora kwa sababu daktari anauona utando anaoukata. Kisha mtaalamu wa patholojia hukipaka kinyama rangi maalumu za kutofautisha mesothelioma na saratani nyingine zilizosambaa hadi kwenye utando. Rangi hizo hazipatikani katika kila maabara, kwa hiyo kinyama huweza kusafirishwa hadi hospitali kubwa. Ukiambiwa usubiri majibu, uliza kimepelekwa wapi, lini, na nani atapokea jibu. Hifadhi nakala ya kila karatasi. Nina wasiwasi zaidi na majibu yanayopotelea njiani kuliko na vifaa vinavyokosekana.

Kama umeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila vijidudu kuonekana, usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Lakini weka alama kwenye kalenda. Ikiwa baada ya miezi miwili maji yanarudi, uzito unashuka na maumivu yanazidi, rudi na useme wazi: "Daktari, nilifanya kazi na asbesto. Naomba nipimwe kinyama." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha njia nzima ya uchunguzi. Isemwe siku ya kwanza kama inawezekana, na iandikwe kwenye faili. Kwa Tanzania, rufaa ya namna hii huelekea Muhimbili, KCMC au Bugando, na matibabu ya saratani hutolewa pia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Tiba, bila kuficha

Kwa wagonjwa wengi mesothelioma haiponi. Familia ina haki ya kulijua hilo mapema. Mwaka 2003 majaribio yalionyesha kuwa kuongeza dawa ya pemetreksedi kwenye ile ya sisplatini kulisogeza muda wa kuishi kutoka wastani wa miezi 9 hadi 12. Baadaye ikaja tiba ya kinga, nivolumabu pamoja na ipilimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020: wastani wa miezi 18 dhidi ya 14 ya dawa za zamani. Hizi ni takwimu za wastani. Wapo wanaoishi miaka kadhaa, hasa wenye aina iitwayo epithelioidi. Dawa za tiba ya kinga ni ghali mno kwa mwananchi wa kawaida.

Kuhusu upasuaji mkubwa wa kifua, sikiliza vizuri kabla familia haijauza shamba kwa safari ya ng'ambo. Jaribio la Uingereza liitwalo MARS 2, lililochapishwa mwaka 2024, lililinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kubandua utando pamoja na dawa na wale waliopewa dawa peke yake. Waliopasuliwa hawakuishi zaidi, na walipata madhara mengi zaidi. Kwa hiyo yeyote anayekuahidi kupona kwa kisu, mwombe akueleze kwa maandishi anategemea ushahidi upi. Ya tumboni ni tofauti kidogo: baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa vizuri hufaidika na upasuaji unaoambatana na dawa za saratani zilizopashwa moto tumboni.

Linalowezekana kwetu, na ambalo halipewi uzito linaostahili, ni tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso. Maji yanaporudi, yanaweza kutolewa kwa mrija na utando ukagandishwa kwa unga maalumu ili yasijae tena. Maumivu ya saratani hii ni makali na yanahitaji mofini. Mofini ya maji ni rahisi kumeza na bei yake si kubwa. Mgonjwa wa saratani aliyepewa mofini kwa kipimo cha daktari kwa kawaida hageuki mlevi wa dawa. Kipimo kidogo cha mofini hupunguza pia hisia ya kukosa pumzi. Upepo wa feni usoni husaidia, na kulala umeegemea mito. Omba tiba shufaa tangu siku ya majibu, usingoje dawa nyingine zishindwe.

Paa la nyumba yako

Sasa tuje kwa walio wazima. Shule, zahanati, nyumba za watumishi na majengo mengi ya zamani ya Afrika Mashariki yaliezekwa kwa mabamba ya asbesto. Ni ya kijivu, yana mawimbi, manene kuliko bati, na sumaku hainasi. Lakini yapo mabamba mapya ya saruji yasiyo na asbesto yanayofanana nayo, na jibu la hakika linatoka maabara tu. Kama jengo ni la zamani na huna jibu, lichukulie kuwa ni asbesto.

Kuishi chini ya paa zima si dharura. Nyuzi zimeshikwa na saruji, na hatari ni ndogo maadamu paa halijapasuka wala kuchunika. Maji ya mvua yaliyokingwa juu yake nayo si chanzo kinachojulikana cha mesothelioma. Hatari iko kwenye hewa. Wanaohatarisha maisha ni mafundi, na wenye nyumba wanaowaita bila kuwaambia.

Usilikate kwa msumeno wala grenda. Usilitoboe. Usilisugue kwa brashi likiwa kavu ili kuondoa ukoga. Usipande juu bila mbao za kukanyagia, maana huvunjika ghafla, na wengi wamekufa kwa kuanguka. Usitumie vipande kujengea banda la kuku, kuziba mashimo ya njia au kuzungushia jiko. Watoto wasivichezee.

Likilazimu kuezuliwa, tafuta watu wenye kibali. Nchini Kenya kanuni za taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ndiyo inayotoa leseni ya kuibeba na kuelekeza mahali pa kuizika. Tanzania Bara uliza wasimamizi wa mazingira, NEMC, na wa usalama kazini, OSHA. Uganda uliza NEMA ya huko. Rwanda imekuwa na mpango wa taifa wa kuondoa mapaa haya tangu 2011, na ningependa kuona nchi jirani zikiiga. Kazi inayofanywa vizuri utaitambua. Paa hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo kabla ya kuguswa. Boliti hufunguliwa, hazing'olewi kwa nyundo. Bamba huteremshwa zima kwa mikono, halitupwi chini. Hufungwa kwa nailoni nene mara mbili na kuandikwa. Mafundi huvaa barakoa za kiwango cha FFP3 au P3 zilizobana usoni bila ndevu katikati, pamoja na nguo za kutupwa, na huoga palepale. Barakoa ya kitambaa au ya upasuaji haizuii nyuzi hizi. Hakuna kufagia kikavu wala kuchoma chochote. Majirani hufunga madirisha, na watoto huondolewa.

Ukiona mabamba yanarushwa chini na kijana ana leso tu puani, simamisha kazi. Ukiwa mwalimu mkuu au mjumbe wa kamati ya shule, una mamlaka hayo, na wanaokusikiliza ni watoto wenye miaka 50 mbele yao ya kuugua au kutougua.

Haki na nyaraka

Mesothelioma iliyotokana na kazi ni ugonjwa wa kazini. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015. Kenya ina sheria ya fidia ya 2007. Afrika Kusini, ambako asbesto ilipigwa marufuku 2008, wagonjwa waliishtaki kampuni ya asbesto ya Cape hadi mahakama za London, na mwaka 2003 malipo yalipatikana kwa watu kama 7,500. Kilichowawezesha ni ushahidi wa nani alifanya kazi wapi na lini. Ndugu zetu waliofanya kazi Uingereza wana mpango wa malipo ya mesothelioma ulioanzishwa kwa sheria ya 2014, kwa wale ambao mwajiri na bima yake hawapatikani tena. Kwa hiyo tunza barua za ajira, vitambulisho vya kazi, hati za mshahara, kadi za hifadhi ya jamii, hata picha ya pamoja ya karakana, na majina ya wenzako walio hai wanaoweza kutoa ushahidi.

Kama una mzazi au babu aliyefanya kazi karakana ya reli, bandarini, melini, kwenye boila au kwenye ujenzi wa miaka ile, nenda ukamuulize wiki hii angali anakumbuka. Andika mahali, mwaka na alichokishika, na mara yake ijayo ya kwenda hospitali hakikisha karatasi hiyo inaingia kwenye faili lake.